Rangi na Turubai: Anga la Masufi Juu ya Kibo

*Shikamoo Mama. Mimi ni mchoraji, naishi Majengo, Moshi. Miaka yote nimechora Mlima, twiga na Wamasai kwa ajili ya maduka ya wageni. Sasa nimepewa ukumbi mdogo nifanye maonyesho yangu peke yangu, na nimeamua picha zote ziwe za anga, kutokana na mashairi ya Masufi, wale Waislamu wanaomtafuta Mungu kwa njia ya mapenzi, ninayoyasoma kwenye simu. Ninazo 12: mwezi na mnara wa msikiti, darweshi wa Kisufi akizunguka chini ya nyota, ndege wakilifuata jua. Rafiki yangu anasema zinafanana na kalenda. Halafu mimi ni Mlutheri, nachelea kuonekana nimeingilia ya watu. Nifanyeje?*
— Binti wa Majengo

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kakupenda, ndiyo maana kasema. Kwa jinsi ulivyozieleza, anga katika picha zako limewekwa nyuma, na mbele kumesimamishwa kitu: mnara, darweshi, ndege. Ukiondoa mnara ukaweka twiga, anga litabaki lile lile na picha itarudi dukani.

Kwa washairi hao anga halikai nyuma. Katika kitabu cha tano cha Masnavi, shairi lake refu, Rumi anasema mbingu zinazungushwa na wimbi la mapenzi, na kwamba pasingekuwa na mapenzi dunia ingeganda. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1207 akafia Konya, Uturuki ya leo, mwaka 1273. Kwa elimu ya zama zake mbingu zilikuwa tabaka ndani ya tabaka, zote zikizunguka, hakuna iliyotulia. Hicho ndicho cha kuchora. Darweshi mwache apumzike.

Nawe unaishi mahali ambapo somo hilo linatolewa bure kila siku. Alfajiri Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi. Jua likipanda, mawingu yanajikusanya juu ya msitu, na mara nyingi adhuhuri haijafika mlima wa mita 5,895 umetoweka wote, kana kwamba haujawahi kuwepo. Jioni unafunuka tena. Masufi wamezungumza sana juu ya pazia: kilichofichwa kipo, na anayekitafuta ndiye mwenye kazi. Wewe umemchora Kibo miaka yote akiwa wazi, kwa sababu mgeni hanunui mlima asiouona. Mwanangu, mchore akiwa hayupo! Sijaona mchoraji wa Moshi aliyethubutu kuutundika ukutani weupe ule wa saa sita mchana, na ninatamani sana kuuona.

Kuhusu mashairi ya kwenye simu, mengi yanayozungushwa kwa jina la Rumi si yake, au yamelegezwa mno hata hangeyatambua. Shika shairi moja lenye mwanzo na mwisho, ukae nalo. Ningekushauri lile la mshairi Attar wa Nishapur, Mantiq al-Tayr, yaani Mazungumzo ya Ndege, lililokamilika yapata mwaka 1177. Ndege wanakusanyika kumtafuta mfalme wao. Hudihudi, yule mjumbe wa Nabii Suleiman, ndiye kiongozi wao. Bila shaka umemwona akidonoa kwenye nyasi za bustani hapo Moshi, kishungi kichwani, mabawa ya mistari myeupe na myeusi. Kila mmoja ana udhuru. Bulbuli hawezi kuliacha waridi, bata ameridhika na maji yake, tausi anawaza pepo tu. Waliokubali wanavuka mabonde saba, na wanaofika ni 30. Mbele ya mfalme wanajiona wao wenyewe.

Mabonde ni haya: kutafuta, mapenzi, maarifa, kutohitaji kitu, tauhidi (umoja), bumbuwazi, na ufukara unaoishia katika fana, yaani nafsi kutoweka. Basi fanya picha saba, si 12. Kaa sehemu moja, turubai za kipimo kimoja, siku nzima. Giza la alfajiri ni kutafuta. Theluji ikishika rangi ya waridi, hayo ni mapenzi. Asubuhi kila bonde la mlima likisomeka, maarifa. Mawingu ya kwanza yanapokuja bila kumwomba mtu ruhusa, kutohitaji. Adhuhuri mlima, wingu na anga vikiwa weupe mmoja, hiyo ni tauhidi. Jioni unapofunuka ghafla, bumbuwazi. Ya saba ni usiku usio na mwezi. Ndege usiwachore hata mmoja, tuchukulie wameshapita.

Kwa buluu ya juu tumia ultramarini. Hadi karne ya 19 ilitokana na jiwe lililochimbwa Badakhshan, mashariki ya Balkh, Afghanistan ya leo, alikotoka ukoo wa Rumi. Sasa hutengenezwa kiwandani, na bei yake tunaimudu. Huelekea zambarau kidogo, kwa hiyo karibu na upeo wa macho ichanganye na buluu yenye ukijani na nyeupe nyingi. Kwanza paka turubai yote rangi ya udongo mwekundu, iache ikauke, kisha weka buluu nyembamba, tabaka baada ya tabaka, wekundu upenye mahali mahali. Ukitumia akriliki, kumbuka hukolea kidogo ikikauka. Ukumbini epuka balbu za njano, zinaua buluu.

Na Ulutheri wako usikutie hofu. Wasimulizi wa maisha ya Rumi wanasema Wakristo na Wayahudi wa Konya walifuata jeneza lake. Usufi si mgeni hapa kwetu pia: Bagamoyo alifundisha Sheikh Ramiya wa tarika ya Kisufi ya Qadiriyya, aliyefariki mwaka 1931, na dhikri bado zinasomwa. Shika adabu tu. Aya za Kurani usizifanye urembo, sura za mitume usizichore, na kabla ya kufungua mlango mwalike ustadhi wa mtaani aje kutazama. Mwulize, umsikilize.

*Shikamoo. Nafundisha kidato cha pili, Ngaramtoni, Arusha. Nikiwapeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya picha za anga tupu watasema hakuna kitu. Niwaandae vipi?*
— Mwalimu

Marahaba, mwalimu. Wiki moja kabla, watoe nje saa moja asubuhi na saa tisa alasiri, waandike rangi za anga juu ya Meru kwa maneno yao, bila kutumia neno buluu. Daftari hizo waende nazo ukumbini. Kila mmoja achague picha moja tu, akae mbele yake robo saa, aandike saa anayodhani ilichorwa na ushahidi wake. Usiwaeleze chochote kuhusu Masufi hadi wamalize kuandika.