Wazee Walikaa Kimya Nilipowapigia Kinanda

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 28, mkazi wa Mtwara mjini, na kazi yangu ni kupiga kinanda. Tangu mwaka jana ninazunguka Masasi, Newala na Lindi nikiwatumbuiza wastaafu na wazee wanaoishi kwenye makazi yao. Mwezi uliopita nilipiga kwa saa moja na nusu vipande vigumu nilivyovifanyia mazoezi kwa miaka mingi, lakini wawili walisinzia, waliobaki wakanyamaza, na mzee mmoja akaniomba nipunguze sauti kwa sababu masikio yanamuuma. Je, kazi hii inanifaa? Na malipo niyapange vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inakufaa, ila ulikwenda na muziki wako badala ya muziki wao.

Tuanze na yule mzee wa masikio. Umri ukisogea, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na wakati huohuo sauti kubwa inayokuja ghafla humkera mzee kuliko inavyomkera kijana. Kwa hiyo ukipiga mkono wa kulia peke yake na kuongeza spika, unamuumiza na bado hasikii wimbo. Zima spika ya nje ikiwezekana, sogea karibu nao, na upige kuanzia katikati ya kinanda kwenda kushoto. Wakitaka kuimba, ishushe do, yaani uanzie wimbo kwenye sauti ya chini zaidi, kwa kuwa koo la mzee halipandi tena kama zamani, na mtu anayeshindwa kuufikia wimbo alioujua maisha yake yote hunyamaza kwa uchungu.

Kuhusu nyimbo, piga hesabu. Mwenye miaka 75 leo alikuwa na miaka ishirini hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa akimsikia mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe redioni, na nyimbo za umri ule ndizo hukaa moyoni muda mrefu zaidi. Waliosomea shule za misheni za Ndanda na Masasi watakuomba nyimbo za kanisani. Kwa wazee wa Kiislamu wa Mikindani na Lindi, uliza kwanza wanapenda nini, na adhana ikianza nyamaza.

Dakika arobaini zinatosha, zikiwa na mapumziko ya kuzungumza. Usiupime ukimya kwa haraka: niliwahi kumpigia bibi mmoja ambaye kwa saa nzima hakuinua uso, nami nilipokwisha kuondoa mikono kwenye kinanda ndipo nikaona kidole chake kikigonga pindo la kanga, mapigo yakiwa sahihi kabisa, akiuendeleza peke yake wimbo niliouacha. Siku ile nilikaa tena nikapiga mpaka kidole kilipotulia.

Malipo dai kwa kikundi cha wastaafu, nauli ikiwa mbali na ujira, na mkubaliane kabla hujapanda basi. Kwenye makazi ya wazee pita kwa ofisa ustawi wa jamii, wala usipitishe bakuli mbele ya mtu asiye na kipato. Beba betri, maana umeme ukikatika katikati ya wimbo wazee huhangaika.

Ukirudi kule, kabla hujafungua kinanda, mwulize yule mzee wa masikio ujanani alikuwa akicheza dansi wapi, na wimbo gani ulikuwa ukimwinua kitini.