Wadogo zangu mnaoanza tiba ya viungo: anzeni na swali moja

Chuoni mmesikia sana kuhusu tiba inayozingatia ushahidi, yaani kuchagua tiba kwa kufuata tafiti. Mkifika wodini mtakuta foleni ya wagonjwa na faili zinazosubiri kujazwa, na wengi wenu mtaamua hayo yalikuwa mambo ya mtihani. Kwa maoni yangu, tunakwama kwa sababu tunadhani lazima tusome makala chungu nzima kwanza. Anza na swali dogo kuhusu mgonjwa aliyeko mbele yako.

"Je, mazoezi husaidia wenye kiharusi?" Hilo hulijibu hata ukikesha. Lakini chukua hili: mama aliyepata kiharusi miezi mitatu iliyopita, mkono umeanza kukakamaa, nikimnyoosha kiwiko kila siku, kitafunguka zaidi kuliko nisipomnyoosha? Hapo kuna mgonjwa, tiba, cha kulinganisha na matokeo unayoyatafuta. Jibu lake huwashtua wengi, maana kunyoosha ndiyo kazi yetu ya kila siku. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti nyingi za afya kwa pamoja, yaliona kwamba kunyoosha kwa muda usiofika miezi saba hakuongezi mwendo wa kiungo kwa kiasi cha maana, mgonjwa awe na tatizo la neva au asiwe nalo. Basi muda ule uupeleke kwenye kushika kikombe, kufunga vifungo, kukunja nguo, yaani kazi zenyewe anazotaka kuzirudia.

Pa kutafutia majibu papo. PEDro ni kanzidata ya bure ya tafiti iliyoanza mwaka 1999, na watu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mgonjwa kurudia shughuli za kila siku, wasiipite kwa kudhani ni ya tiba ya viungo peke yake. Tafiti za mkono na za wazee kuanguka zimo. Anza na mapitio na miongozo, majaribio yafuate. Jaribio hupewa alama hadi 10, na hapa wageni huteleza: alama hiyo inapima jinsi utafiti ulivyofanywa. Jaribio la alama 8 linaweza kabisa kuonyesha kwamba tiba haifanyi kazi.

Halafu pima, na upime kabla hujaanza tiba. Kwa mwendo, kiti, mita 3 na saa ya kuhesabu sekunde vinatosha: ainuke, atembee, ageuke, arudi, akae. Ukirudia kipimo, kiti kiwe kilekile, viatu vilevile, na kama ana fimbo, fimbo ileile. Vinginevyo utasifia tiba kumbe ni viatu. Kwa shughuli za kila siku, mwache mwenyewe ataje anachotaka kuweza, ajipe alama kati ya 1 na 10. "Anaendelea vizuri" kwenye faili halimsaidii mtu.

Wakubwa zenu kazini wana njia zao za miaka mingi. Usimwendee mkubwa wako na makala mkononi kama hati ya mashtaka. Mwombe mjaribu kwa mgonjwa mmoja, mpime pamoja. Daktari David Sackett na wenzake, walipoieleza tiba inayozingatia ushahidi mwaka 1996, waliweka uzoefu wa mtaalamu bega kwa bega na utafiti, kwa hiyo naye ana sehemu yake.

Mgonjwa pia ana yake. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kuwa kuufungia glavu mkono usio na tatizo ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi huleta nafuu kwa wenye kiharusi ambao bado wana mwendo kidogo wa kifundo cha mkono na vidole. Lengo lilikuwa kuivaa kwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, kwa wiki mbili. Wagonjwa wengi watakwambia hapana, na wana haki. Mkikubaliana aivae wakati wa kula na kufua tu, andika hivyo, uweke na vipimo vya mwanzo, ili anayepokea zamu asianze upya.