Hirizi ya viboksi tisa na mshazari unaoleta 999

Mkuu, umeuliza kuhusu hirizi ya marehemu babu yako. Umefumua ngozi, ndani ukakuta karatasi yenye viboksi tisa vya tarakimu za Kiarabu. Ukijumlisha kwa kulala au kwa kusimama unapata 998, ila mshazari mmoja, yaani mstari wa pembe hadi pembe, unaleta 999, na watu wameshakutisha kwamba hiyo ni 666 iliyogeuzwa, uichome usiku. Usichome kwanza. Hiyo 999 inatokana na baki ya kugawanya kwa tatu, na jedwali zima unaweza kulijenga mwenyewe mezani.

Anza na 998. Katika hesabu ya abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, unapanda mpaka 10, kisha makumi, kisha mamia, hadi ghaini ambayo ni 1000. Andika Hafidh, yaani Mlinzi, mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu: ha (ile ya Hassan) 8, fe 80, ye 10, dha (ile ya adhuhuri) 900. Jumla 998. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni hirizi ya kinga. Ukiona pembeni Jibrili, Mikaili, Israfili na Azraili, kila mmoja kwenye pembe yake, usishtuke, ni mapambo ya kawaida kabisa ya kazi hizi.

Sasa ujenzi. Mama wa majedwali yote ya vyumba tisa ni hili, kila upande 15:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Namba hizo ndizo pia utaratibu wa kujaza. Anayejua kazi hajazi mstari wa juu kwanza akashuka. Anaanza chumba cha 1, chini katikati, anaruka cha 2, juu kulia, anakwenda hivyo hadi cha 9. Jumla unayoitaka unaitoa 12, unagawa kwa 3, jibu unaliweka chumba cha 1, halafu unaongeza moja moja. Jaribu na jina Allah, 66. Toa 12 inabaki 54, gawa kwa 3 unapata 18. Chumba cha 1 kinapata 18, cha 2 kinapata 19, hadi cha 9 kinachopata 26. Juu utasoma 21, 26, 19. Katikati 20, 22, 24. Chini 25, 18, 23. Kila upande 66, mishazari yote miwili ikiwemo. Limekaa sawa.

Kwa 998 mambo yanagoma. Toa 12 ni 986, gawa kwa 3 ni 328 na baki 2. Baki hairuhusiwi kutupwa, kwa sababu jumla ikipungua jina litakuwa limeharibika. Kanuni inasema hivi: baki ikiwa 1, unaongeza moja ya ziada ukifika chumba cha 7, ikiwa 2, unaiongeza ukifika cha 4. Kwa hiyo vyumba vya 1 hadi 3 vinapata 328, 329, 330. Cha 4 kinaruka hadi 332, na kuanzia hapo unaendelea kawaida mpaka 337. Linganisha na karatasi yako:

332 337 329
330 333 335
336 328 334

Kulala na kusimama, 998 kote, kwa sababu kila mstari una chumba kimoja kati ya 1 na 3, kimoja kati ya 4 na 6, na kimoja kati ya 7 na 9, hivyo ziada inagawanyika sawasawa. Mshazari wa 4, 5, 6 ndio mkorofi. Vyumba vyake vyote vitatu vimeongezewa, kwa hiyo unazidi kwa moja: 332, 333, 334, jumla 999. Hakuna fundi anayeweza kuliponya hilo, maana jedwali la vyumba tisa likikamilika pande zote, chumba cha kati lazima kiwe theluthi kamili ya jumla, na 998 haigawanyiki kwa 3. Angetumia jedwali la vyumba 16 ingeingia bila taabu (unatoa 30, unagawa kwa 4, unapata 242 kamili). Mwandishi wako alitaka fupi, akakubali ule mshazari.

Ikiwa namba zako hazilingani na hapo juu, kagua usomaji kabla ya kulaumu mwandishi. Tano ya Kiarabu ni duara na wengi huisoma sifuri. Sifuri yao ni nukta tu, na kwenye karatasi iliyokunjwa muda mrefu nukta hupotea. Sita yao inafanana na saba yetu. Saba na nane ni umbo lilelile limepinduliwa, hivyo karatasi ukiishika kichwa chini kila 7 inakuwa 8. Wino wa zafarani uliochanganywa na marashi nao unafifia hadi unjano hafifu: ishike karibu na dirisha, usiilowanishe.

Na si lazima iwe jina la Mungu. Wengi huweka jumla ya jina la mteja na la mama yake, ileile ya kutafutia nyota: unajumlisha majina mawili, unagawa kwa 12, baki ndiyo nyota, kuanzia 1 ambayo ni Punda hadi 12 ambayo ni Samaki, isipobaki kitu inahesabiwa 12. Hapa ndipo wateja wanapochanganywa. Ali ni 110. Mama yake Fatma, ukimwandika kwa alifu na ile te ya mwisho yenye umbo la he ukaihesabu 5, ni 135. Pamoja 245, baki 5, nyota ya Simba. Mwalimu mwingine anaihesabu 400 kama te kamili: 640, baki 4, nyota ya Kaa. Mtu yuleyule, siku ileile. Majina ya kwetu ndiyo balaa zaidi. Chausiku utaiandika kwa shini, 300, au kwa jimu, 3? Hata Juma, kwa tahajia ya Kiarabu ni 118, ukiiandika inavyotamkwa ni 50. Huko Morocco na Afrika Magharibi wana mpangilio mwingine wa abjadi ambamo dha ni 800, kwa hiyo Hafidh wao ni 898.

Kuhusu kuitwa uchawi: jedwali la 15 lilijulikana China kale kwa jina la Luoshu. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, analitaja kwa mama anayeshindwa kujifungua: liandikwe kwenye vitambaa viwili visivyowahi kuguswa na maji, mama avitazame, kisha aviweke chini ya nyayo. Agrippa, mwandishi wa Kijerumani wa elimu za siri, katika kitabu kilichochapwa 1533, analiweka chini ya sayari ya Zohali. Mwaka 1514 msanii wa Kijerumani Dürer alichora lile la vyumba 16, lenye jumla ya 34 kila upande, ukutani nyuma ya malaika mwenye huzuni, na katikati ya mstari wa chini akapata 15 na 14, mwaka wake mwenyewe. Wapo masheikh wanaokataa hirizi zote, wapo wanaoruhusu za aya tupu na kukataa za namba. Hilo muulize unayemwamini. Mimi naona hesabu peke yake haisemi nia. Jedwali hilohilo linaweza kuandikiwa kinga au kuandikiwa kugombanisha watu, na kinachotofautisha ni maneno yaliyolizunguka: majina ya watu wawili na ombi la kuwatenganisha si sawa na aya ya kuhifadhiwa.

Kwa hiyo piga picha pande zote mbili, pembe zote nne zionekane, umsomeshe anayejua Kiarabu maandishi ya pembeni. Kama kuna aya na hutaki kubaki nayo, iyeyushie wino kwenye maji safi uyamwage mahali pasipokanyagwa, au izike. Usiyanywe hayo maji kama kombe. Kombe huandikwa kwenye sahani safi kwa zafarani ili linywewe. Karatasi hii hujui iliandikwa kwa wino gani, na imekaa ndani ya ngozi miaka mingi.