Maswali ya Wavuvi: Mpini wa Koki

Ndugu wahariri, nimenunua fimbo ya mtumba ya kuvulia trauti kwa nzi bandia. Mpini wake wa koki umejaa vishimo vyeusi, mpaka kucha inazama. Fundi samani ameniambia niipige vanishi ya kung'aa mikono mitatu, mambo yaishe. Nimsikilize? – Msomaji, Nyeri

Hapana, ndugu yetu. Fundi wako anajua meza, na meza haikamatwi kwa mkono uliolowa kutwa nzima. Koki (hii ya mti, si ile ya bomba la maji) inapendwa na wavuvi kwa sababu hata ikilowa haitelezi, na ukiikaza hubonyea kidogo kisha ikarudi. Vanishi ngumu haibonyei. Koki itacheza chini yake, vanishi itafanya nyufa, maji yatapenya, na baadaye itabanduka magamba magamba. Kuitoa hapo ni kazi kubwa kuliko hii unayotaka kuikwepa.

Habari njema ni kwamba mpini wako haujaoza. Koki ni gome la aina ya mwaloni inayoota Ureno, Hispania na nchi jirani za Mediterania. Huchunwa kila baada ya miaka 9 au zaidi, na mti wenyewe haukatwi. Gome hilo lina vinjia vya hewa vilivyojaa unga wa kahawia. Kiwandani vishimo hivyo huzibwa kwa vumbi la koki lililochanganywa na gundi. Koki ikiwa ya daraja la chini, vishimo ni vingi na kijazio ni kingi. Kwa miaka ya kulowa na kukauka, kijazio hicho hung'oka. Ndicho kilichokutoka.

Anza kwa kuosha. Zungushia tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi wa magari, mizunguko miwili mbele ya mpini na miwili kwenye kikalio cha rili (kifaa cha kukunjia mshipi). Usiiruke hatua hii: msasa ukiugusa ufito wa kaboni, yaani mwili wa fimbo, unaukwaruza, na ufito huanza kuvunjikia kwenye mkwaruzo. Sugua koki kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini, suuza, kisha acha kivulini saa 24. Ncha ya kijiti cha meno itatoa kijazio kilicholegea. Kilichokaza kiache.

Kijazio kipya unakitengeneza nyumbani. Tafuta kizibo cha chupa ya mvinyo cha koki halisi (vya plastiki ni vingi siku hizi, kikate uone ndani), kisage kwa msasa namba 120, uchekeche unga kwa kichujio cha chai. Changanya vijiko viwili vya chai vya unga na kimoja cha gundi nyeupe ya mbao ya aina isiyoyeyuka kwa maji. Inatakiwa ikaze kama siagi ya karanga. Ikitiririka, ongeza unga. Gundi ikizidi, madoa yatakauka yakiwa meusi kuliko koki yenyewe. Shindilia kwa kisu butu hadi chini ya kishimo, uache kijazio kimejitokeza kama milimita moja, maana kikikauka kinanywea.

Hapa wengi huharibu kwa kutumia epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) au gundi ya papo kwa papo. Zote mbili hukauka zikawa ngumu kuliko koki. Ukipiga msasa, koki laini inalika, gundi inabaki imesimama kama kokoto, na kiganja kinaihisi kila unaporusha mshipi.

Kesho yake kata msasa namba 240 vipande vya upana wa sentimita 3. Shika ncha mbili, uvute huku na huku kuzunguka mpini kama mng'arisha viatu na kitambaa chake, ukigeuza fimbo kidogo kidogo. Ukisugua kwa kipande kilichobapa utaacha kingo. Malizia na namba 400. Simama mara tu kijazio kinapolingana na koki. Usitafute weupe wa dukani, kwa sababu kila weupe unaoupata ni unene unaoupoteza.

Kuziba ndiyo hatua ya mwisho na ndiyo ndogo. Kazi yake ni kushikilia kijazio na kuzuia uchafu. Tumia kizibio maalumu cha koki au vanishi ya maji isiyong'aa. Kwa mpini wa sentimita 17 kijiko kimoja cha chai kinatosha. Paka kwa kipande cha fulana ya pamba na ufute ziada kabla haijaanza kunata. Kikikauka, lowesha mkono ukamate. Hautelezi? Paka kizibio mara ya pili, kisha basi. Unateleza? Pitisha msasa 400 mara mbili tatu. Mafuta ya kitani hatuyapendekezi: yanatia koki giza, hukauka polepole na huweza kuota ukungu. Kama umeshayapaka, tandaza vitambaa vyake nje vikauke. Vikikunjwa na kurundikwa huweza kushika moto vyenyewe.

Nawasalimu. Navua kwa fimbo nyepesi kutoka ufukweni. Nikirudi naisuuza, naifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka juu ya kabati. Sasa koki ina madoadoa ya kijani na harufu ya kichwa cha samaki. Klorini itasaidia? – Msomaji, Tanga

Kusuuza ni sahihi, shida ni mfuko. Koki yenyewe hainywi maji kwa urahisi, lakini vishimo, kijazio na maungio ya vipingili (vipande vya koki vilivyounganishwa kuwa mpini) hubaki na unyevu, pamoja na utelezi wa samaki. Ukifunga nailoni katika joto la pwani umeupa ukungu chakula na nyumba.

Klorini iache: hupausha koki kwa mabaka na kudhoofisha kijazio. Osha kwa sabuni kama tulivyomweleza msomaji wa Nyeri, futa madoa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, halafu sugua taratibu kwa sponji jeupe gumu la kufutia alama za ukutani. Sponji hilo ni msasa laini sana, kwa hiyo dakika mbili zinatosha. Stilwaya usiiguse, nyuzi zake hubaki kwenye vishimo na kufanya kutu.

Kausha kivulini, si juani, maana jua kali hufanya kijazio kinywee na kutoka. Hifadhi fimbo imesimama kwenye mfuko wa kitambaa ulio wazi juu. Na ukijipaka losheni ya jua au dawa ya mbu, futa viganja kabla ya kushika fimbo. Losheni hutia koki weusi, na dawa za mbu zenye DEET (kemikali ya kufukuza wadudu) hula vanishi ya nyuzi zilizofungia pete za kupitishia mshipi.

Mpini wangu unazunguka kidogo na kulia "kwa, kwa" nikivuta samaki mzito. Je, nikimimina gundi kwenye ufa wa mbele itatosha? – Msomaji, Kisumu

Haitatosha. Gundi ya ufani huingia milimita chache tu, na iliyoachia iko ndani, kati ya koki na ufito. Shikilia mpini, zungusha ufito taratibu, sikiliza mlio unatoka wapi, weka alama. Mpini umeungwa kwa vipingili ambavyo kwa kawaida vina unene wa milimita 12.7, kwa hiyo toboa katikati ya kipingili, si kwenye ungio. Tumia biti ya milimita 2 uliyoishika kwa vidole, bila mashine, na usitumie nguvu: ukihisi ugumu tu, simama, huo ni ufito. Toboa tundu la pili upande wa pili ili hewa itoke.

Changanya epoksi ya kukauka polepole, kwani ile ya dakika 5 huganda kabla haijasambaa. Isukume kwa bomba la sindano mpaka itokeze tundu la pili, futa iliyomwagika kwa spiriti, ziba matundu kwa vijiti vya koki, ulaze fimbo saa 24. Kipingili kikiwa kimevunjika kabisa, kikate utoe, pasua kipya nusu kwa nusu, uvibandike viwili hivyo kuzunguka ufito na kuvifunga kwa mpira, kisha msasa.

Kwa ufupi: mpini wangu ni wa sponji nyeusi. Niupake nini? – Msomaji, Malindi

Usiupake kitu. Sabuni na maji. Tina itauyeyusha juu ukawa wa kunata. Wewe na wenye koki pia: ndoano isichomwe kwenye mpini, ichomekwe kwenye kipete chake mbele ya mpini, na kama hakipo, kwenye mguu wa pete ya kwanza.