Maswali ya wasomaji: Dar na Nairobi, nani ana ghorofa ndefu?

SWALI: Anko shikamoo. Ofisini kwetu hapa Posta kuna Mkenya mmoja anatutambia kila siku eti Nairobi kuna ghorofa la mita 200 na sisi Dar hata 160 hatufiki. Sisi tunamwambia apande panton aende Kigamboni ageuke nyuma auangalie mji ulivyosimama. Tumebishana mpaka tumekubaliana tukuulize wewe, nani mkali? Msomaji, Ilala.

JIBU: Marahaba. Mkenya wenu hajadanganya ila kuna kitu kawaficha. Britam Tower ya pale Upper Hill, iliyokamilika 2017, ni kweli imeandikwa mita 200, lakini mita kama 60 za juu ni mlingoti tu wenye zile feni tatu za kufua umeme wa upepo, kule hakuna ofisi wala mpangaji. Wanaopima majengo duniani wana utaratibu wao, mlingoti ukiwa ni sehemu ya mchoro wa jengo unahesabiwa, antena haihesabiwi, kwa hiyo mita 200 zake ni halali kabisa. Ila ukiutoa unabaki na mita 140 hivi, na hapo jengo la Bandari pale Sokoine Drive lenye mita 157 linaipita, na minara pacha ya PSPF, ule mfuko wa pensheni, nayo inaipita.

Sasa msianze kushangilia, maana jamaa akiwa mjanja ataachana na Britam atawaletea UAP Old Mutual, mita 163, halafu Global Trade Centre ya Westlands, mita 184, na hapo hamna pa kutokea. Na wote wawili mkimaliza mnyamaze, Addis Ababa benki yao ya biashara ilizindua makao makuu 2022, mita 209.

Ila hoja yenu ya panton ina maana kuliko mnavyodhani. Dar inaonekana kubwa kwenye picha kwa sababu minara yake imebanana sehemu moja, kuanzia Benki Kuu kuja PSPF mpaka Bandari, na mbele yake maji matupu, hakuna cha kukuziba. Na angalieni wenye hayo majengo ni nani: Benki Kuu, mfuko wa pensheni, mamlaka ya bandari. Yani ni taasisi za umma tupu. Mfuko wa pensheni unakusanya michango kila mwezi, lazima uiweke mahali, na kwa miaka mingi mahali penyewe pakawa zege na vioo hapo mjini, kama kuna mpangaji au hakuna hiyo ilikuwa habari ya baadaye. Ikafika 2016 hayati Magufuli akatangaza serikali inahamia Dodoma, wizara zikafungasha, na wizara ndo walikuwa wapangaji wa uhakika. 2018 mifuko yenyewe ikaunganishwa, PSPF ikaingia PSSSF, ila watu wanaita jengo PSPF mpaka kesho.

Mimi kinachoniuma ni Azania Front. Kanisa lile Wajerumani walianza kulijenga 1898, na enzi hizo meli ikiingia bandarini ndo kitu cha kwanza kuonekana, paa la vigae vyekundu na mnara wake. Siku ukipita simama uangalie madirisha ya mnara, juu yake kuna vipaa vidogo vya vigae vya kukinga jua. Halafu inua macho uangalie lile ghorofa la vioo nyuma yake, jua la saa nane linaingia lote na AC inaunguruma kutwa nzima. Waliojenga bila umeme wa AC walilijua joto la Dar kutuzidi sisi tuliozaliwa nalo, sijui tulisahau wapi.

SWALI: Mkuu, mbona hapa tao, katikati ya mji, hakuna kitu kipya kinapanda? Tangu niwe mtoto ni KICC na Times Tower tu, kreni zote ziko Upper Hill na Westlands. Msomaji, South B, Nairobi.

JIBU: Hela ilihama boss. KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa, ni ya 1973, mita 105, ilikaa miaka mingi bila mpinzani. Times Tower ikaja na mita 140 zake, na baada ya hapo wenye mitaji, hasa kampuni za bima, wakaona tao jam imezidi, parking hakuna, plot ni finyu na tayari zina majengo. Upper Hill ilikuwa na nyumba za chini zenye bustani kubwa, unanunua moja unabomoa unapata eneo la kutosha. Halafu kule ni mwinuko, kwa hiyo jengo linaanza na faida kabla hujamwaga zege.

Tao walijaribu na Hazina Trade Centre ya NSSF, wakataka kupandisha zaidi ya ghorofa 30 juu ya supamaketi inayofanya biashara, mzozo ukawa mrefu, na jengo likaishia chini ya nusu. Huko Upper Hill nako sio shwari sana, minara ya Pinnacle iliyowekewa jiwe la msingi na Rais Uhuru Kenyatta Mei 2017, ingepita mita 300, ikaishia kwenye kesi za ardhi. Mchoro wake ulisambaa sana, wengine walishahesabu mita zake kabisa kwenye ubishi kama huu wa Ilala.

SWALI: Marehemu baba alipanga nyumba ya Msajili pale Kisutu, ghorofa mbili tu, nyumba nzuri imara. Saivi mtaa wote unapanda juu. Kwa nini? Msomaji, Upanga.

JIBU: Pole kwa mzee. Nyumba hizo nyingi zilijengwa na Wahindi, serikali ikazitaifisha 1971 ikazikabidhi kwa Msajili wa Majumba, na 1990 zikaingia Shirika la Nyumba. Shirika lina ardhi katikati ya mji, mfanyabiashara ana hela, wanaingia ubia, ya zamani inavunjwa linapanda la ghorofa kumi na kuendelea. Ujenzi wa namna hii ndo umebadilisha Kisutu na Kariakoo kuliko hiyo minara mirefu, ila haupigwi picha.

Na ndo unaotisha. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka likaua watu 36, na 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo asubuhi watu wakiwa dukani. Kwa hiyo jirani yako akianza kuchimba msingi nenda kasome kibao cha mradi, kiwe na jina la mkandarasi, mhandisi mshauri na namba za usajili, na kama hakuna kibao kapige kelele manispaa kabla nguzo hazijasimama.