Bunge au mahakama? Sheria ya kupandikiza mimba Italia ilivyotupitia sisi

Mleta uzi, umeuliza kwa nini watu wakimbilie mahakamani kwenye mambo ya kupandikiza mimba wakati kutunga sheria ni kazi ya Bunge. Nikujibu kwa yaliyotukuta Italia.

Mimi mzaliwa wa Malindi, mume wangu Mtaliano. Nimebeba jeni ya selimundu, kwetu Pwani si ajabu. Yeye kabeba ya thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambao kwao Sicilia umejaa. Sisi wazima, ila kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Tulitaka viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua, vipimwe maabara kabla ya kupandikizwa. Daktari akasema utaalamu upo, lakini sheria namba 40 ya mwaka 2004 ni ya wasioshika mimba. Nyie mnashika. Basi shika kwanza, tupime tumboni, na ikionekana mgonjwa sheria inakuruhusu kuitoa.

Yaani kupima kiinitete marufuku, kutoa mimba ruksa!

Wananchi walijaribu kuifuta sheria hiyo ya 2004 kwa kura ya maoni 2005. Ikafa, maana walijitokeza kama robo tu na ilitakiwa nusu. Wabunge nao hawakuthubutu kuigusa, na Vatikani, makao makuu ya Kanisa Katoliki, iko pale pale Roma.

Wakabaki majaji. Ila Italia mwananchi haendi mwenyewe Mahakama ya Katiba. Unafungua kesi mahakama ya kawaida, na jaji akiitilia shaka sheria yenyewe ndipo anasimamisha kesi na kupeleka swali juu. Hivyo ndivyo ilivyonyofolewa. Mwaka 2009 likaondoka sharti la viinitete visivyozidi vitatu, vyote kupandikizwa kwa mpigo. 2014 ikaanguka marufuku ya mbegu na mayai ya kuchangiwa. Letu lilianzia Strasbourg 2012: wenzi wenye jeni ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu waliishinda Italia katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa hoja kwamba sheria zake zinapingana. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ikatufungulia na sisi tunaoshika mimba, mradi ugonjwa uwe mzito kiasi cha kuruhusu utoaji mimba.

Angalia walichofanya: walichukua sheria mbili za Bunge lenyewe, hiyo ya 2004 na ya utoaji mimba ya 1978, wakazisoma pamoja. Lakini hukumu haina bajeti. Hospitali ya umma ya mkoa wetu ikasema haina kipimo hicho, tukalipa kliniki binafsi kutoka mfukoni. Asiye nacho hukumu haikumsaidia kitu.

Kwa Kenya shida ilikuwa nyingine. Kesi ya mapacha ya 2014 Mahakama Kuu Nairobi, waliozaliwa na mwanamke aliyewabebea mimba wenzi wengine kisha wakapelekwa makao ya watoto: jaji hakuwa na sheria ya jambo hilo, ikabidi ategemee Katiba na sheria ya watoto. Jaji wa Italia alikuwa na cha kukata. Huyu wa Nairobi angekata nini?

Wenye maswali ya kipimo chenyewe niulizeni hapa hapa, PM sijibu.