Kabla ya Kupanda Mti Kilimani: Kwa Wanaoanza Kazi Pemba

Ndugu zetu mnaojiunga na kazi ya kurejesha miti katika vilima vya Pemba, naomba mlishike kwanza hili: kazi haianzi na mche. Tangu tufani ya mwaka 1872 iangushe mikarafuu mingi ya Unguja, vilima hivi ndivyo vilivyobeba zao hilo, na pale mikarafuu mikongwe ilipokufa, muhogo ukalimwa kwa matuta yanayofuata mteremko, maji yamechimba makorongo. Ukipanda hapo mwezi wa Aprili bila ya kinga, masika yatang'oa mche na kuushusha bondeni, juu ya mpunga wa jirani. Mwaka wangu wa kwanza tulipoteza mistari mizima kwa namna hiyo.

Yapunguzieni maji mbio. Ungeni miti miwili ya urefu sawa, pigeni ufito wa kukatisha katikati ili ipatikane herufi A, kisha tundikeni uzi wenye jiwe uwe timazi. Uzi ukigusa alama ya katikati ya ufito, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Pigeni kigingi, geuzeni mguu, endeleeni mkiukata mteremko. Kwenye mstari huo chimbeni mtaro, udongo mkiutupa upande wa juu, na juu ya tuta hilo pandikizeni majani ya tembo. Mvua kubwa ikinyesha nendeni mkatazame: maji mekundu yatatuama upande wa juu wa tuta, nayo yakinywea yataacha tope laini ambalo zamani lingekwenda baharini.

Kileleni, palipobaki changarawe, anzeni na mvinje, ambao huvumilia udongo uliochoka. Mkarafuu mchanga hutaka kivuli. Usiupeleke huko mapema.

Lililo zito zaidi ni makubaliano. Kwetu mtu anaweza kumiliki mti bila ya kumiliki ardhi ulipoota, kwa hiyo kabla ya shimo la kwanza mwendeeni sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, mkae na mwenye miti na anayelima hapo, na itamkwe mbele ya watu mti utakuwa wa nani, nani atakata kuni, na mbuzi watafungwa wapi. Nimeona miche iliyokwisha kunifika kiunoni ikikatwa kwa sababu mazungumzo hayo hayakufanyika, na uchungu wake sijausahau.

Katika daftari la kikundi siandiki idadi ya miche ya siku ya kupanda. Naandika ile ya mwisho wa Februari, jua la kiangazi likiwa limekwisha kuchagua, na huwa tunakwenda sote kuihesabu, mche kwa mche.